Baba anaganda mlangoni, kaka anataka kumvisha mkanda unaolia

Shikamoo Mama,

Mimi ni msomaji wako wa Tanga, mtoto wa pili kati ya wanne. Baba yetu alikuwa fundi cherehani, sasa amestaafu. Miaka kadhaa iliyopita mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Mtaani wakasema ni uzee, wengine wakasema kachezewa. Tulizunguka sana mpaka hospitali ya rufaa wakatuambia ni ugonjwa wa Parkinson, akaanzishiwa dawa ya levodopa, na kutetemeka kukapungua.

Kinachotusumbua sasa ni kutembea. Hatua zimekuwa fupi, anaburuza kandambili, mgongo umepinda kwenda mbele. Akifika mlangoni anaganda: kiwiliwili kinataka kupita, miguu inakataa. Ameshaanguka, tunamshukuru Mungu hakuvunjika. Nyumbani kila mtu amekuwa kocha. "Baba nyanyua miguu! Baba simama wima!" Tunavyozidi kumkumbusha ndivyo anavyozidi kuganda, na siku hizi anatununia.

Kaka yetu mkubwa anaishi Muscat. Huko ameona kifaa cha kuvaa mgongoni chenye kihisi, ukipinda tu kinalia au kinatetema mpaka ujinyooshe. Anasema kuna na vya kufunga miguuni, vinahesabu hatua na kupeleka taarifa kwenye simu. Cha mgongo ni riali arobaini na kitu, vya miguu ni ghali zaidi, na yeye yuko tayari kununua vyote. Mama hataki hata kusikia. Kasema, "Mume wangu si gari, hapigiwi honi." Tena kauliza swali ambalo hakuna aliyeweza kumjibu: baba anaswali msikitini, akienda rukuu si kitaanza kulia mbele za watu?

Kuna jambo moja nataka ulijue. Mfungo Sita uliopita zafa ya maulidi ilipita mtaani kwetu, baba akiwa amekaa barazani. Dufu lilipokaribia akainuka mwenyewe, akaifuata zafa mpaka kona ya pili, hatua ndefu, kichwa juu, hakuganda hata kidogo. Zafa ilipokwenda zake akabaki amesimama pale pale, ikabidi tumfuate tukamshike mkono. Mama anasema ni baraka za Mtume. Kaka anasema ni msisimko tu. Mimi sijui niseme nini.

Tununue au tusinunue? Na kama ni kununua, kipi? Mwisho, samahani kwa kuchomeka langu: mimi nashinda kwenye kompyuta ofisini na shingo inaniuma kila jioni. Huo mkanda wa mgongoni, kama haumfai baba, je mimi utanifaa?

Mtoto wa Pili,
Ngamiani, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mpe baba salamu zangu, na mama mwambie nimecheka peke yangu kwa hilo la honi. Ana haki kuliko anavyodhani.

Mkanda tutaufikia. Nianze na zafa, kwa sababu mlichokiona siku ile kina maelezo, na watu wamekipima.

Mtu mzima mwenye afya hafikirii kutembea. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu zinazoshika mdundo wa mwendo, mguu huu, sasa huu, kwa kipimo kile kile, huku mwenyewe anawaza bei ya samaki. Sehemu hizo zinategemea kemikali iitwayo dopamini, na kwa mgonjwa wa Parkinson seli zinazoitengeneza zinakufa kidogo kidogo. Mdundo wa ndani unafifia. Hatua zinafupika, na penye kona au mlango mdundo unakatika kabisa. Lakini mdundo unaotoka nje na kuingia masikioni unapita njia nyingine za ubongo, ambazo ugonjwa huu haujaziharibu kwa kiasi hicho. Dufu lilimpa baba kipimo ambacho kichwa chake kimeacha kumpa, na zafa ilipokwenda, kipimo kikaenda nayo. Msisimko nao unaweza kuchangia, kaka hajakosea kabisa, ila hautoshi kueleza kwa nini hatua zilirefuka na kulingana namna ile. Kama mama anaita baraka, mimi sibishani naye. Ninachosema ni kwamba zinaweza kuitwa hata Jumanne asubuhi.

Mwaka 1996 Michael Thaut na wenzake wa Colorado State University, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa wa Parkinson waliofanya mazoezi ya kutembea nyumbani kwao kwa wiki 3, kila siku, wakifuata muziki uliotiliwa mkazo kwenye mapigo. Kasi yao ya kutembea iliongezeka kwa asilimia 25 na urefu wa hatua kwa asilimia 12. Vifaa vyao vya mazoezi vilikuwa kanda za kaseti. Nalisema hili kwa ajili ya kaka: kinachotibu mwendo hapa ni mapigo, na mapigo hayahitaji riali arobaini.

Upande wa pili wa habari hiyo si mzuri sana, nao usikieni mapema. Utafiti mkubwa zaidi uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa 153 wa Uingereza, Ubelgiji na Uholanzi, uliwafundisha watu nyumbani kwa wiki 3 pia. Walitembea vizuri zaidi, na walioganda waliganda kidogo kuliko mwanzo, lakini faida yenyewe ilikuwa ndogo, na wiki 6 baada ya mafunzo kukoma sehemu kubwa ilikuwa imeyeyuka. Maana yake hamtamfundisha baba mwezi mmoja mkafunga kitabu. Mdundo utakuwa sehemu ya siku yake, pamoja na dawa.

Sasa mkanda wa mgongoni. Ndani yake kuna kipande kidogo cha silikoni, akselerometa, kinachohisi mvuto wa dunia unavuta kuelekea upande gani wa kifaa. Unasimama wima, unabonyeza, kinakariri kwamba huo ndio wima wako. Ukishapinda kupita nyuzi zilizowekwa, kinalia. Kazi hiyo kinaifanya vizuri wala sikidharau. Kwa hiyo jibu la mama ni ndiyo: kwenye rukuu kitalia, na kwenye sijida hakitanyamaza.

Wazo lililo nyuma yake lina msingi. Wagonjwa wengi wa Parkinson hawajui kwamba wamepinda. Mwambie baba asimame kando ya ukuta, afumbe macho, ajinyooshe, wewe ukiwa umemshika. Kuna uwezekano mkubwa atakuapia amesimama wima na bado kifua kimeinamia mbele. Taarifa kutoka viungoni inafika ubongoni ikiwa imepotoka. Kihisi kinaweza kumpa taarifa sahihi, na sisi wa mazoezi tiba huwa tunaitumia njia hiyo, mgonjwa akiwa amekaa kitini au ameshika meza, kwa dakika chache, mtu akiwa pembeni yake.

Kumfungia atembee nacho kutwa ni habari nyingine. Baba sasa anatembea kwa kufikiri. Kila hatua ni uamuzi. Mtu anayetembea namna hiyo, ukimwongezea jambo la pili la kushughulikia, la kwanza linaharibika. Ndiyo maana wagonjwa hawa huganda mkiwauliza swali wakiwa njiani. Makelele yenu ya "nyanyua miguu" yanafanya kazi hiyo hiyo. Mnamwambia kakosea, hamumwambii mguu uende lini. Mkanda ungekuwa kocha wa sita nyumbani, tena asiyechoka. Sauti inayomkosoa mtu na sauti inayomtangulia ni vitu viwili, na baba anahitaji ya pili.

Lipo na la hatari. Mtu aliyepinda mbele kwa muda mrefu amezoea kubeba uzito wake hivyo. Kifaa kikimshtua akajinyoosha ghafla, uzito unarudi nyuma, na wenye Parkinson mara nyingi hawana haraka ya kupiga hatua ya nyuma kujiokoa. Wanaanguka chali. Wengine presha yao hushuka wanapoinuka, kwa sababu ya ugonjwa wenyewe na kwa sababu ya dawa. Kwa hiyo mkanda wa mgongo kwa ajili ya kutembea, jibu langu ni hapana, hata ukiletwa bure.

Vile vya miguuni ndivyo vinavyonivutia, na hapo kaka ana jicho. Kihisi kilichofungwa juu ya kifundo au kwenye paja kinaona mguu unapoondoka, unapopaa na unapotua. Kinaona na kuganda. Mguu ulioganda kwa kawaida hautulii: unatetema kwa kasi ya mara 3 mpaka 8 kwa sekunde, wakati mguu unaotembea unakwenda chini ya mara 3. Tofauti hiyo mashine inaweza kuikamata. Mwaka 2010 watafiti wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, na wenzao wa Israel walichapisha kifaa cha kuvaa ambacho kinakaa kimya mtu akitembea vizuri, na miguu ikianza kutetema namna ile kinaanzisha mapigo masikioni. Wagonjwa 10 walikijaribu. Kilikamata kuganda kiasi cha mara 73 katika kila 100, wakati mwingine kwa kuchelewa mpaka sekunde 2, na sekunde 2 mlangoni ni nyingi kwa mtu anayeanza kuyumba. Hata hivyo wazo ni zuri: mapigo yaje yanapohitajika, yasichoshe masikio siku nzima.

Na si lazima iwe ti, ti, ti. Pale Queen's University Belfast, Ireland ya Kaskazini, walijaribu kuwasikilizisha wagonjwa sauti ya mtu anayetembea juu ya changarawe. Sauti ya namna hiyo inabeba zaidi ya wakati wa kukanyaga. Unasikia hatua ni ndefu au fupi, nzito au nyepesi, na wagonjwa waliweza kuifuata kwa urefu wa hatua pia. Mimi napenda hiyo kuliko mlio wowote wa kielektroniki. Mtu anatembea na mwenzake, hakuna anayemkemea.

Mwambie kaka, basi, akiingia dukani aulize jambo moja tu: hiki kifaa kinatoa mapigo, ninaweza kuyapanga kasi yake mwenyewe? Vingi vinavyouzwa vinahesabu hatua na kuchora grafu nzuri kwenye simu, basi. Kuhesabiwa hatua hakumrefushii baba hata moja. Kama kinatoa mapigo, aulize kama kinafanya kazi bila intaneti na bila malipo ya kila mwezi, na kama wanakirudisha kisipomfaa. Kama majibu yanababaisha, hela hiyo ilipie safari za kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya rufaa ya mkoa wenu. Simu yako mwenyewe ina akselerometa ile ile ndani yake, na programu za bure za metronomu, yaani zinazopiga mapigo sawasawa kwa kasi unayoiweka, zimejaa.

Anzeni hivi. Chagueni saa ambayo dawa imemkolea, maana kila mgonjwa ana saa zake nzuri na mbaya katika siku, na zoezi la saa mbaya linamkatisha tamaa tu. Dozi yenyewe msiiguse bila daktari. Avae viatu vilivyofunga kisigino, hizo kandambili zipumzike. Atembee kwenye uwazi, ukumbini au uani, kwa mwendo wake wa kawaida, na wewe hesabu hatua kwa dakika moja. Hiyo ndiyo namba yenu. Tuseme ni 100. Fungua metronomu, iweke kwenye 100, na kabla hajatembea mwache asikilize tu, apige kidole mezani au ahamishe uzito mguu huu na huu akiwa amesimama. Akishaushika mdundo, atembee.

Wengi wakishaona inafanya kazi wanakimbilia kuongeza kasi, na vitabu vya zamani vya fani yetu vinaruhusu kupandisha asilimia 5 mpaka 10. Kwa baba, msifanye hivyo. Anayeganda si sawa na asiyeganda. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2006 vilionyesha kwamba waliokuwa wakiganda, mapigo yakiongezwa kwa asilimia 10, hatua zao zilifupika zaidi. Yakipunguzwa kwa asilimia 10, zilirefuka. Kwa hiyo 100, kisha 95, kisha labda 90, na muda wote mwambie neno moja tu, "ndefu". Mengine yote mnayomwambia akiwa anatembea yaacheni.

Siku chache za metronomu zikipita, hamieni kwenye muziki, la sivyo atauchukia mlio ule kama anavyowachukia makocha wake. Kanda ya maulidi yenye dufu linalosikika wazi inafaa sana, ilimradi muipime kwanza: hesabu mapigo ya dakika moja, uone yako karibu na namba yake. Taarabu ya zamani yenye vinanda vingi na ngoma iliyojificha nyuma haisaidii, hata kama anaipenda. Hiyo abaki nayo barazani. Simu ikiishiwa chaji kuna makofi, na kuna mama. Mke anayemtembeza mumewe huku akihesabu moja-mbili, moja-mbili kwa sauti ya chini anafanya kazi ya kifaa cha Zurich, bila ile sekunde 2 ya kuchelewa.

Mlangoni pana namna yake. Akiganda msimvute wala msimsukume, maana kiwiliwili kitakwenda na miguu itabaki. Asimame kabisa. Ayumbe kidogo kushoto na kulia, asikie mapigo manne, kisha mguu utoke kwenye pigo la tano. Ubandikeni na utepe wa rangi sakafuni, mistari iliyokatiza njia kwa umbali wa hatua moja, kabla ya kizingiti na baada yake. Macho nayo yanaweza kumpa ubongo kile ambacho masikio yanampa. Daktari wa Uingereza James Purdon Martin aliandika habari za mistari sakafuni tangu 1967.

Barabarani asiweke hedifoni masikio yote mawili. Bodaboda haisubiri mtu amalize wimbo. Sikio moja, au simu mfukoni mwa kanzu ikisikika kwa nje. Msikitini simu izimwe, na ndani hana haja nayo: njia ni ya kutoka mlangoni mpaka kwenye safu, mwenzake anaweza kumhesabia kwa kunong'ona. Kama rukuu na sijida zinamyumbisha, aswali kitini, hili imamu wenu atalieleza vizuri kuliko mimi.

Mkiwa na nafasi, mfungie simu kiunoni kwa mkanda wa kawaida akitembea, mrekodi kwa programu inayopima mwendo, au mtu ampige picha ya video kutoka ubavuni, mara moja kwa wiki, mahali pale pale. Mpelekeeni mtaalamu. Hospitalini wagonjwa hawa mara nyingi hutembea vizuri kuliko nyumbani, kwa sababu wanajitahidi wakitazamwa, na sisi tunaandika kwamba hali ni nzuri.

Na hilo la mtaani kusema kachezewa, wala msiumie. Katika uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, walipita eneo lenye watu kama 161,000 wakawapata wenye Parkinson 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Baba amefika kwenye dawa. Wako wengi waliobaki na maneno ya mtaani peke yake.

Sasa shingo yako. Mkanda unaweza kukufaa kidogo, ila si kwa sababu iliyoandikwa kwenye boksi. Hakuna mkao mmoja ambao ukiushika kutwa utakuepusha na maumivu. Kukaa wima kama askari kwa saa nane kunachosha misuli sawasawa na kujikunja kwa saa nane. Kinachosaidia ni kubadili mkao mara kwa mara na kuinuka. Kikilia ukakichukulia kama ishara ya kusimama na kwenda kuchota maji ya kunywa, sawa. Tena, mtu anayekosolewa na mashine kila dakika hujifunza kuitegemea mashine. Ukiuvua mkanda, mgongo unarudi ulikokuwa. Wanaofundisha kwa vifaa hivi hupunguza mlio kwa makusudi, leo kila kosa, wiki ijayo mara moja moja, mpaka mwili ujikumbushe wenyewe. Kengele ya simu kila nusu saa itakufanyia kazi hiyo hiyo bila kumtoa kaka hata baisa. Pandisha na kioo cha kompyuta kifike usawa wa macho. Mkono ukianza kufa ganzi au maumivu yakishuka mpaka vidoleni, usiniandikie mimi, nenda hospitali.

Ukishapata namba ya hatua za baba niandikie, pamoja na milango ipi inamgandisha na ni saa ngapi baada ya dawa. Nikiwa na hayo matatu naweza kukuambia kama ni mdundo wa kubadili au ni daktari wa kumwona kuhusu saa za dozi.